Kona ya Ufumaji: "Lekchara anataka falsafa, mi nimeleta sweta"

Mwezi huu barua zimejaa wanafunzi, naona msimu wa projekti umefika vyuoni, na karibu zote zinazunguka jambo moja, masweta ya patani na hii habari ya "falsafa yako binafsi ya ubunifu". Nimechagua chache. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nikiimaliza hiyo nusu ya wengine mtakuwa mmejibiwa humohumo, msininunie.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nasoma ubunifu wa nguo mwaka wa tatu, niko Dar. Projekti yetu ya semista hii ni kufuma kolekisheni ndogo, sweta tatu hivi, patani utunge mwenyewe na zionyeshe falsafa yako binafsi. Nimefuma ya kwanza imetoka poa tu, wenzangu wakaisifia, nimepeleka kwa lekchara kaiangaliaaa alafu ananiuliza "falsafa iko wapi hapa?" Nikamwambia mi napenda utamaduni wa Kiafrika na rangi zinazong'aa. Akasema hiyo sio falsafa hilo ni tangazo la utalii. Darasa zima likacheka. Sasa mwalimu, falsafa inaonekanaje kwenye sweta? Si ni sweta tu jamani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa kuchekwa, kukusema mbele za watu haikuwa lazima, ila kwa hoja yenyewe lekchara wako hajakosea. "Napenda utamaduni wa Kiafrika na rangi zinazong'aa", hebu niambie nani atakupinga hapo? Hakuna. Na hiyo ndo shida yake. Sentensi isiyopingika haikuzuii kufanya chochote, ukikuta uzi wa pinki dukani utauchukua, wa kijani utauchukua, ukiona pembetatu utaweka pembetatu, ukiona twiga utaweka na twiga. Mi mbunifu namjua kwa vitu anavyovikataa. Mtu akisimama mbele ya rafu nzima ya nyuzi akachukua rangi nne tu, zingine akaziacha bila roho kumuuma na akaweza kukwambia kwa nini, huyo ana falsafa hata kama hajawahi kuiandikia aya moja.

Ngoja nikupe mfano wa mtu aliyekuwa mwanafunzi kama wewe. Laduma Ngxokolo, Msauzi, kazaliwa Port Elizabeth mwaka 1986 (mji siku hizi unaitwa Gqeberha). Mama yake ndo alimfundisha mashine ya kufumia hukohuko nyumbani, baadaye akaenda kusoma ubunifu wa nguo chuo kikuu cha mjini kwao, Nelson Mandela Metropolitan. Kufika projekti ya mwisho, 2010, angeweza kabisa kusema kama ulivyosema wewe, napenda utamaduni wa Kixhosa, akachora ngao na mkuki akamaliza akapata maksi zake. Yeye akaanza na mtu. Kwa Waxhosa vijana wakitoka jandoni wanaitwa amakrwala, na kuna kipindi cha miezi kama sita wanatakiwa wavae kiheshima, nguo mpya, zile za utotoni wanazigawa maana yule mtoto hayupo tena. Na familia zilikuwa zinawanunulia nini? Sweta za bei za chapa za Ulaya, zile za Kiskoti zenye almasi almasi kifuani. Laduma mwenyewe jando hilo kalipitia. Kwa hiyo swali lake likawa dogo na kali: huyu kijana ndo kwanza kaambiwa kwamba sasa yeye ni mwanaume wa Kixhosa, mbona kifuani anatembea na nakshi ya watu wengine? Akaenda kwenye shanga za Kixhosa, akachukua zile almasi na pembetatu na mpangilio wake wa rangi, akazihamishia kwenye sweta kwa uzi wa merino (sufu laini ya kondoo) na mohea za hukohuko Afrika Kusini. Mohea ni manyoya ya mbuzi wa Angora, na Afrika Kusini ndo inaongoza duniani kwa kuizalisha, kwa hiyo malighafi ilikuwa mlangoni kwake. Mwaka huohuo akashinda mashindano ya kimataifa ya wanafunzi ya Society of Dyers and Colourists, chama cha wataalamu wa rangi za nguo, kule London, na hapo ndo chanzo cha chapa ya MaXhosa unayoiona leo kwa mastaa.

Sasa angalia maamuzi yote yanavyotoka kwenye lile swali moja. Kwa nini sweta na sio fulana? Kwa sababu amakrwala wanavaa sweta. Kwa nini uzi wa gharama? Kwa sababu ni nguo ya heshima, haiwezi kuwa na vinyweleo baada ya kufuliwa mara mbili. Kwa nini shanga na sio michoro ya ukutani au vyungu? Hapa ndo panaponifurahisha mimi kama fundi, shanga zinatungwa kwa hesabu, moja pembeni ya nyingine, na sweta nayo inafumwa kwa hesabu, kitanzi kimoja rangi moja, kwa hiyo nakshi imehama kutoka kitu kimoja kwenda kingine bila kuvunjwa mifupa. Hakuna pambo lililobandikwa juu. Ukimuuliza falsafa yako iko wapi anakuonyesha sweta na kila swali lina jibu.

Usije ukadhani lazima iwe mambo ya kabila na jando lakini. Elsa Schiaparelli, Mtaliano aliyekuwa anafanya kazi Paris, mwaka 1927 alitoa sweta nyeusi yenye tai nyeupe ya kipepeo shingoni, ila tai hiyo haipo, imefumwa humohumo kwenye sweta, ni mchoro tu unakudanganya macho. Waliomfumia walikuwa wanawake wa Kiarmenia waliokuwa wanaishi Paris, na walikuwa na namna yao ya kuukamata uzi wa nyuma kila baada ya vitanzi vitatu vinne ili usining'inie, ndo maana ukiangalia ile sweta kwa karibu nyeusi ina vidoadoa vyeupe vinachungulia. Falsafa yake? Nguo ina haki ya kutania. Basi, maneno matano, na kazi yake ya miaka iliyofuata imekaa humo.

Afu kuna Missoni, Ottavio na mkewe Rosita, walianza karakana yao Gallarate, Italia, mwaka 1953. Ottavio alikuwa mwanariadha, kakimbia Olimpiki ya London 1948 mita 400 kuruka viunzi. Hawa falsafa yao ilitoka kwenye mashine kabisa. Mwanzoni mashine zao zilikuwa zinatoa rangi moja au mistari tu, sasa mwingine angelalamika mashine mbovu, wao wakasema basi tufanye mistari hadi watu waichoke wenyewe. Mwaka 1962 wakachukua mashine za Raschel, zilizokuwa za kutengenezea shali, wakazitumia kwa nguo za kuvaa, na zile zigizaga zao unazozijua ndo zikatoka hapo. Yaani hawakuchora zigizaga kwanza alafu wakatafuta mashine.

Sasa turudi kwako, na nitakuuliza swali ambalo nadhani lekchara wako alitaka kuuliza ila akaishia kwenye utani. Uko Dar. Joto la Dar la mwezi wa kwanza unalijua. Nani atavaa hiyo sweta yako, lini, akienda wapi? Ukishindwa kujibu hilo usiendelee na ya pili. Ukisema ni ya watu wa Njombe na Makete, sawa, nenda na uzi mzito. Ukisema ni ya Dar, basi pamba, nyembamba, yenye matundu. Au angalia madereva wa bodaboda, hawa wanavaa majaketi mazito Dar hiihii, saa kumi na moja alfajiri upepo wa barabarani sio mchezo. Chukua huyo bodaboda. Sweta yake inatazamwa na nani? Abiria. Na abiria anatazama wapi safari nzima kutoka Mbagala? Mgongoni! Kifua chake hakuna anayekiona. Kwa hiyo mtu akiniletea sweta tatu ambazo mbele ni rangi moja kavu na patani yote imemwagwa mgongoni, akaniambia "mi naamini patani inakaa pale inapotazamwa", siwezi kumuuliza falsafa iko wapi. Nimekupa wazo, ila usilichukue hili, maana kona hii inasomwa na darasa lako zima.

Na ile sweta uliyomaliza usiifumue. Iandikie pembeni kila uamuzi uliofanya na sababu yake, ukikuta sababu ni "nilikuta uzi upo" andika hivyohivyo bila aibu. Itakayobaki na sababu ya kweli, hata ikiwa moja, hiyo ndo mbegu ya sweta ya pili.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mimi ni mzazi niko Mbeya. Kijana wangu wa kiume alipata nafasi chuo akasomee mambo ya nguo, sikupenda sana ila nikakubali. Likizo hii amekuja na sindano na mafurushi ya nyuzi, anakaa barazani anafuma sweta za maua maua, majirani wanapita wanaangalia. Nimemuuliza anasema anatafuta falsafa yake. Naomba uniambie ukweli, hii ni kazi ya mwanaume? Na ina hela?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na asante kwa kuandika badala ya kuzitupa nyuzi nje, wapo waliofanya hivyo.

Kwenye la mwanaume nikuambie hivi. Kuna kisiwa kinaitwa Taquile, kiko ndani ya ziwa Titicaca nchini Peru, pale wanaofuma kofia kwa sindano ni wanaume, wavulana wanaanza wakiwa wadogo kabisa, na wanawake ndo wenye kazi ya vitambaa vya kitanda cha mfumi. Kofia yenyewe inaonyesha kama mwanaume ana mke au bado, na ukifuma ovyo kijiji kizima kinaona. UNESCO wameitambua kazi yao ya nguo tangu 2005. Ulaya nako, Alsace na Silesia, karne ya 17 na 18 vyama vya mafundi wafumaji vilikuwa vya wanaume, na kijana akitaka kutambuliwa kuwa fundi mkuu alikuwa anapewa mtihani wa kufuma shati, kofia, soksi, na zulia kubwa la ukutani lililojaa maua na ndege kwa rangi nyingi. Maua, mzee wangu. Mazulia yenyewe mengine yapo hadi leo makumbusho. Huyo Laduma niliyemweleza hapo juu ni mwanaume, Ottavio Missoni mwanaume tena wa Olimpiki. Majirani waache wapite.

La hela ni gumu zaidi na sitakupaka mafuta. Sweta ya kawaida huwezi kushindana na mtumba kwa bei, hata ufume usiku na mchana. Mkate wa kila mwezi kwa wafumaji wengi ni tenda za sweta za shule, rangi moja na mistari miwili shingoni, na hapo anayehitajika ni mtu mwenye mashine na nidhamu ya kumaliza kwa wakati. Patani za kutunga ndo zinampa mtu uwezo wa kutaja bei yake mwenyewe kwa sababu haipo nyingine ya kulinganisha nayo. Ajifunze vyote viwili. Na baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita unaijua kuliko mimi, mwambie aifume sweta moja ya kukutosha wewe alafu uivae kwenda sokoni uone wangapi watakuuliza umenunua wapi.

SWALI: Sasa mwalimu? Niko Eldoret, nasomea nguo pia. Chuo iko na ile mashine ya mkono ya zamani ya kadi za kutoboa, zile matundu yake ndio yanaambia mashine ifume rangi gani wapi. Nimechora duara poa sana kwa karatasi ya miraba, nikatoboa kadi, kitu ikatoka kama yai limekaliwa! Pili, nyuma ya kitambaa kuna nyuzi ndefu zinaning'inia hadi vidole vinanasa ukivaa. Tatu, nataka patani ya vitanzi 30 na kadi imekataa. Nifanye aje? Lec anasema hii mashine ndio itanifundisha falsafa, mimi naona inanifundisha tu hasira.

JIBU: Poa sana, na barua yako imenichekesha.

Duara kwanza. Kitanzi sio mraba, ni kipana kuliko kilivyo kirefu, na karatasi yako ya miraba imekudanganya. Fuma kipande cha majaribio, kioshe, kikauke, alafu pima sentimita 10 kwa 10 uhesabu. Tuseme umepata vitanzi 28 kwa upana na mistari 40 kwa kwenda juu. Ukichora duara la miraba 28 kwa 28 litatoka upana sentimita 10 na urefu 7, hilo ndo yai lako. Duara la kweli hapo linataka vitanzi 28 na mistari 40. Kwenye karatasi litaonekana limerefuka vibaya, usiogope, likifumwa linatulia. Na ujue mistari ya mshazari nayo inalala, ukisogea kitanzi kimoja kila mstari hupati ile pembe ya katikati uliyozoea kwenye karatasi. Ukitaka kurahisisha, chora karatasi yako mwenyewe kwenye kompyuta yenye vyumba vya upana na urefu wa vitanzi vyako.

Nyuzi za nyuma. Kila rangi isipotumika inapita nyuma hadi itakapohitajika tena, sasa ukiacha vitanzi 12 bila kuibadilisha unapata kamba ya kunyongea kidole. Usivuke vitanzi 5 hadi 7, kwa kipimo hicho cha juu vitanzi 7 ni kama sentimita 2 na nusu tayari. Maana yake nafasi kubwa tupu kwenye patani haiwezekani, lazima uitie kitu, nukta, msalaba mdogo, chochote.

Ya kadi: hizo mashine za kawaida kadi yake ina vitanzi 24 kwa upana, basi. Patani yako lazima iwe 24 au namba inayoigawa 24, yaani 2, 3, 4, 6, 8, 12. Thelathini haiingii, ukubali. Na mashine yenyewe ina sindano 200, ambazo nazo hazigawanyiki kwa 24 (nani alikaa akapanga hivi sijui), kwa hiyo ukifuma upana wote unabaki na vitanzi 8 vya pembeni, panga mapema patani ikatike wapi au mshono wa ubavuni utakuaibisha.

Sasa la lec wako, na hapa niko upande wake. Sikia kisa cha Fair Isle, kisiwa kidogo kaskazini mwa Uskoti, kati ya Orkney na Shetland. Sweta zao zina rangi hadi utadhani mtu kapanga sanduku zima la kalamu, ila ukitazama mstari mmoja mmoja hakuna wenye rangi zaidi ya mbili. Mbili tu kila mstari, na nyuma nyuzi ni fupifupi. Utajiri wote ule umetoka kwenye kubadilisha zile mbili kila baada ya mistari michache huku patani inaendelea. Miaka ya 1920 mwana wa mfalme wa Uingereza akaonekana anacheza gofu kavaa moja, dunia nzima ikazitaka. Na mashine yako hiyo unayoichukia, kigari chake kikipita kinabeba rangi ngapi kwa mstari? Mbili. Umepewa sheria ileile ya wale wamama wa kisiwani. Acha kuilazimisha ichore duara, iulize yenyewe inapenda kuchora nini.

SWALI: Shikamoo mwalimu, niko Arusha. Mimi ni Mpare ila kolekisheni yangu nimeitoa kwenye shanga za Kimasai. Kila patani nimeiandikia maana yake kwenye lebo, hii uzazi, hii ujasiri, hii safari ya maisha, maana nimezitoa mtandaoni. Lekchara kaniambia niwe makini hakufafanua. Je ni wizi?

JIBU: Marahaba. Kinachonitisha zaidi ni hizo lebo.

Wewe uko Arusha, wamama wanaotunga hizo shanga wako sokoni kila siku, na umeenda kuchukua maana mtandaoni! Nenda ukakae nao. Usiwaulize tu "hii maana yake nini", maana mtu akichoka kuulizwa na watalii anakupa jibu la mtalii. Waonyeshe mchoro wako uwaulize wapi umekosea. Ukiambiwa "hizi rangi hazikai hivi", "huyu ni msichana huwezi kumvalisha hii", hapo ndo umeanza kujua kitu, na hapo ndo utaona kama bado unataka kuendelea. Wakikusaidia walipe na uandike kazi imefanyika na kina nani. Kwa ruhusa yao lakini.

Kuhusu maana za kubandika, kuna masweta ya visiwa vya Aran, Ireland, yale meupe yenye kamba kamba zilizosokotwa. Utaambiwa kila ukoo ulikuwa na patani yake ili mvuvi akizama mwili utambulike kwa sweta. Stori nzuri, inauza sana kwa watalii, na sio kweli. Masweta yenyewe sio ya kale kiivyo, ni ya karne ya 20, na stori inafuatishwa hadi kwenye igizo la 1904 ambalo mtu aliyezama anatambuliwa kwa soksi, kwa sababu dada yake anakumbuka vitanzi alivyovidondosha wakati anaifuma. Wafanyabiashara wakaikuza. Sasa hata watu wa Ireland wenyewe wanapata kazi kuieleza. Ukiweka lebo ya "ujasiri" leo, mtoto wa Kimasai miaka ishirini ijayo ataikuta imeshakuwa ukweli. Kama umeipenda patani kwa sababu ni nzuri tu, andika ni nzuri tu. Inatosha.

Na wizi upo, usijidanganye. Laduma yuleyule mwaka 2018 alilalamika hadharani kwamba Zara, wale wenye maduka makubwa ya nguo duniani, wameuza soksi zenye patani yake, zikaondolewa sokoni. Yeye alikuwa na jina, wanasheria na tarehe za kazi zake. Mama wa shanga hana hivyo vyote, ndo maana uangalifu inabidi utoke kwako.

SWALI: Mwalimu, mi Mtanzania nasoma ufumaji Uingereza. Kila nikionyesha kazi naulizwa "Afrika yako iko wapi?" Mi nafuma mistari ya kijivu na nyeusi, naipenda, basi. Nimekulia Tabata, simba nimemuona kwenye tivii. Nifume kanga ili waridhike?

JIBU: Usifume. Kwanza kanga ikifumwa kwa sindano inaharibika, yale makorosho ya kwenye mji na pindo yanataka mviringo laini ambao kitambaa cha kuchapa kinaupata bure na vitanzi vinautolea jasho.

Mwaka 1982 Rei Kawakubo, mbunifu wa Kijapani mwenye chapa ya Comme des Garçons, alitoa sweta nyeusi zenye matundu kama zimeliwa na nondo wadudu, kumbe alilegeza skrubu za mashine makusudi ili mashine ikosee yenyewe kila mara kivyake. Waandishi wa Ulaya wakakimbilia kusema ni Hiroshima, kwa sababu tu ni Mjapani. Yeye alikuwa anatafuta kitu ambacho mashine za viwandani hazikupi, kitambaa kisichofanana na chenzake. Na aliendelea na nyeusi yake miaka mingi.

Ila nikuchokoze kidogo. Kijivu chako kimetoka wapi? Maana Tabata ni kijivu sana ukiifikiria, matofali ya saruji ya nyumba zisizoisha, yale ya matundu ya kupitisha hewa, mabati, madirisha ya nondo ambayo kila fundi wa kuchomelea ana mchoro wake. Inawezekana unafuma kwenu miaka yote bila kujua, inawezekana pia unapenda kijivu tu kama watu wengine wanavyopenda kijivu. Chunguza kwa ajili yako mwenyewe. Ukikuta ni Tabata kweli hulazimiki kumwambia mtu.

SWALI: Mwalimu rangi zangu zikiwa kwenye marobota zinapendeza balaa, nikishafuma patani inapotea haionekani kabisa. Nyekundu na kijani. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu nyekundu yako na kijani chako vina giza sawa. Weka marobota pamoja mezani, piga picha kwa simu, ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona kijivu kimoja tu patani imekufa kabla hujaanza, lazima moja iwe nyepesi wazi kuliko nyingine. Kwenye robota rangi imekaa peke yake eneo kubwa, kwenye patani ndogo zinachanganyikana jicho linaona tope. Njia nyingine sokota nyuzi mbili kwa vidole uangalie ukiwa mbali hatua tano sita, zikigeuka rangi moja achana nazo. Na ukishapata zinazokubaliana nunua za kumaliza sweta nzima siku hiyohiyo, uangalie namba ya upakaji rangi kwenye lebo iwe moja kwa marobota yote, la sivyo mkono wa kushoto utatoka nyekundu nyingine na hapo usiniandikie tena.